Mwalimu na Masanduku Manne ya Mwanga

Mwalimu alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hili mwanzoni kabisa, ili nisije nikaanza kumsifu halafu mwenyewe akasikia akacheka. Nimefanya useremala mjini Isiolo miaka mingi. Nimepigiwa kelele na wachuuzi wa ng'ombe, nimerudishiwa vitanda na maharusi, madereva wa malori wamenitukania marehemu baba yangu kwa ajili ya ubao mmoja wa pembeni. Lakini mteja aliyenikera kama yule mwalimu wa fizikia, wallahi, sijampata. Wala sijampata mteja niliyemkosea kama yeye. Hayo mawili yamefungamana, siwezi kusimulia moja nikaliacha lingine.

Kosa lenyewe nilitaje sasa, nisionekane mtu wa kuzungukazunguka. Aliniagiza sanduku la mbao, la kuweka chombo chake cha kupasua mwanga. Vipimo alivitoa kwenye kalkuleta yake. Mimi nikavikosea, tena si mara moja, mara nne. Na yeye kwa miaka yote ile akaamini kwamba aliyekosea ni yeye, kwamba kichwa chake hakijui hesabu. Nilipokuja kugundua, nilikaa kimya. Sasa basi, mkinisikia namlalamikia, jueni kwamba nalalamika huku nikijua.

Tulijuana kwa sababu ya soketi. Nyumba aliyopewa na shule haikuwa na umeme miaka ile ya sabini, na karakana yangu pale mtaa wa Wabera ilikuwa nao, siku ambazo haukukatika. Alasiri moja akaingia mtu mrefu, mwenye shati jeupe lenye vumbi la chaki hadi kwenye kola, na kiunoni amening'iniza kifuko cha ngozi. Nilidhani ni askari kanzu.

"Habari ya kazi, Fundi."

"Nzuri. Karibu, Mwalimu." Chaki ilikuwa imeshamtambulisha.

"Naona una umeme. Naomba kuchaji hii."

Akatoa kwenye kifuko kitu cheusi chenye vitufe vingi, ukubwa wake kama mche wa sabuni. Aliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Si kalkuleta ya dukani ya kujumlisha sukari na unga, akaniambia. Hii unaifundisha njia ya hesabu hatua kwa hatua, inaikumbuka, halafu wewe unaipa namba tu na yenyewe inapita njia ileile bila kuchoka. Nikamwambia vizuri sana, soketi ile pale. Nilidhani ataiacha aende zake. Kumbe ameketi.

Aliketi kwa miaka sita.

Tatizo la kalkuleta ile ni kwamba ilikuwa na usahaulifu. Betri ikiisha, ilisahau yote iliyofundishwa. Na Isiolo betri iliisha, na umeme ulikatika, na vumbi liliingia kwenye vitufe. Kwa hiyo kila alipokuja ilibidi aifundishe upya, hatua arobaini na kitu, kitufe baada ya kitufe, akizisoma kwenye daftari. Akikosea moja, anaanza mwanzo. Na ili asikosee, alitaka kimya. Kimya! Kwenye karakana ya seremala!

"Nyamaza kidogo, Fundi. Niko hatua ya thelathini na mbili."

Nami nimeinua nyundo. Mteja amekaa nje anangojea mlango wake. Nashusha nyundo. Nasimama hapo na misumari mdomoni, nangoja mtu mwingine amalize kubonyeza, ndani ya karakana yangu mwenyewe. Mke wangu alipopita na kuniona nimesimama hivyo aliuliza, "Umekatazwa na nani?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Akacheka mpaka akashika mlango.

Mjini kila mtu alikuwa na jina lake kwa kile alichokuwa akitengeneza. Wengine walisema redio. Wengine kamera ya Mwalimu. Yeye mwenyewe alikiita spektrografu, na alitaka jina hilo ulitamke lote. Alinieleza mara nyingi sana, maana alikuwa na imani kwamba mtu asipoelewa ni mwalimu aliyeshindwa, na mimi nilijifanya sielewi ili nimsumbue. Lakini nilielewa. Mwanga unaingia kupitia ufa mwembamba. Ufa ule aliutengeneza kwa nyembe mbili za kunyolea alizozikabilisha makali kwa makali, katikati hapapiti hata unywele. Unapita kwenye lenzi, unanyooka. Unapiga kipande cha plastiki alichotumiwa kwa posta, chenye mistari mia sita ndani ya kila milimita moja, mistari ambayo jicho haliioni. Hapo mwanga unapinda na kuachana, mwekundu unapinda sana, wa buluu unapinda kidogo. Kisha lenzi ya pili inaukusanya kwenye filamu, na kila rangi inaanguka mahali pake.

"Sasa swali, Fundi, ni moja tu," alisema. "Kila rangi inapinda kiasi gani, na niweke filamu wapi ili niikamate?"

"Si ujaribu uone inaangukia wapi?"

Aliniangalia kama niliyetema mate msikitini. "Hatujaribu. Tunakokotoa."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Kalkuleta ilimpa pembe, ikampa umbali, naye aliamini kwamba ukishakokotoa vizuri unajenga mara moja na chombo kinafanya kazi. Kuanza kusogezasogeza vitu mpaka vikae sawa, kwake hiyo ilikuwa aibu. Na mtu huyohuyo, baiskeli yake ikikataa, aliipiga teke! Alitia sukari kwenye chai bila kuangalia, vijiko vitano, sita, akiongea. Alikuja kwangu kuchukua meza ya watoto wake siku ya Ijumaa saa saba wakati anajua fika niko msikitini, akakasirika amekuta pamefungwa. Viatu vyake vilikuwa na kamba za rangi mbili. Usahihi wote aliokuwa nao Mungu aliuweka kwenye kile kifuko kiunoni.

Nisimwonee lakini. Nia yake ilikuwa njema, na hiyo ndiyo inayoniuma. Shule yao ilikuwa na maabara yenye meza nzuri na makabati matupu. "Nairobi wanatuletea picha ya chombo," aliniambia siku moja. "Picha, Fundi! Mtoto wa Sericho ametembea siku tano kuja shule, namwonyesha picha ya chombo kinachotazama mwanga, na jua lote hili liko juu ya kichwa chake!" Alichotaka ni karatasi moja, ukurasa mmoja wa vipimo, ambao shule yoyote kaskazini ingempelekea seremala wake na seremala angetengeneza. Mbao, nyembe, lenzi za kamera mbovu. Pembe na urefu vyote vimeshakokotolewa. Kwa hiyo ilikuwa lazima namba zitoshe peke yake. Kama chombo kinahitaji Mwalimu aje akisogezesogeze, atawezaje kufika Marsabit na Garbatulla kwa karatasi?

Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Wakati ule niliona ni kiburi tu.

Alikuwa na subira ya ajabu kwa watu wasiojua, na hakuwa nayo hata kidogo kwa nafsi yake. Mzee mmoja Mborana aliyekuja mnada wa mifugo aliwahi kuingia karakana kutafuta kivuli, akaona lile sanduku la kwanza.

"Hii sanduku ni ya nini?" akauliza.

Mwalimu akaacha kalkuleta, na alikuwa katikati ya hatua zake, akamvutia kiti. Akamweleza kwamba ukitia chumvi kwenye moto, moto unabadilika rangi, na chombo hiki kitaonyesha ni chumvi ya aina gani.

Mzee akafikiri. "Kuna magadi mbili kwetu. Hii ngamia nakula, ile ngamia nakataa. Mimi naona ni moja. Hii sanduku itaona?"

"Itaona."

"Lini?"

"Miezi mitatu, Mzee."

Mzee akafungua kitambaa, akamwachia vibonge viwili vya magadi, kimoja cha kila aina. Miezi mitatu! Nilitaka kucheka. Kila mnada mzee yule aliporudi alichungulia mlangoni, "Bado?" na Mwalimu akajibu, "Bado kidogo, Mzee," na uso wake ukaanguka. Hakumkwepa hata siku moja. Mimi ningejificha nyuma ya mbao.

Sasa nije kwenye masanduku.

La kwanza alikuja na kipimo kimeandikwa kwa mwandiko wake mdogo, tena kwa inchi, kwa heshima ya futi yangu. "Mkono wa kwanza, inchi nane nukta tatu saba."

"Mwalimu, mbao haijui nukta."

"Wewe unajua."

Nikalitengeneza. Mbao safi za saiprasi, unene inchi moja, nimepiga randa, nimeunganisha kwa gundi na skrubu, nimepaka rangi nyeusi ndani. Lilikuwa na umbo la kiwiko, mikono miwili inayokutana kwenye pembe. Mahali pa lenzi nilipapima mimi, nikapigilia kitako mimi. Lilikuwa sanduku zuri, hata leo naweza kuapa. Yeye akabandika nyembe zake kwa ndani, kwenye ukuta wa mwisho wa mkono mmoja, na filamu kwa ndani kwenye ukuta wa mkono wa pili. Hakulipima. Hata siku moja hakutoa rula akapima kazi yangu, na nilipomwambia pima basi, akakataa kabisa. "Wewe ndiwe fundi. Mimi nije kukupimia mbao, kwani sikuamini?" Nilifurahi sana kusikia hivyo. Mjini kwetu kumpimia fundi kazi yake mbele yake ni matusi. Na mimi kwa upande wangu sikumwuliza hata mara moja kipimo kinaanzia wapi, maana fundi anayeuliza vile ni kama hajui kazi.

Akawasha taa ya spiriti, akatia chumvi ya kawaida ya mezani. Alisema chumvi hutoa mwanga wa njano, na ule wa njano ni mistari miwili iliyokaribiana sana, na kalkuleta imesema kwenye filamu itaachana kiasi cha kuonekana. Filamu ikaenda kwa mpiga picha wa mjini kusafishwa. Ikarudi na doa moja nene. Hakukuwa na mistari miwili wala mmoja. Lilikuwa doa kama mtu amepitisha kidole penye wino.

Alilitazama sana. Kisha akasema, "Nimekosea mahali."

Sikuona ajabu. Yeye ndiye mwenye hesabu, kama kuna kosa liko kwenye hesabu. Akarudi kwenye kalkuleta, akabadilisha pembe, akapata kipimo kipya. Sanduku la pili. Doa. Akasema labda lenzi si kama zilivyoandikwa, akazipima upya juani, akakokotoa tena. Sanduku la tatu. Doa lilelile, unene uleule. Hapo ndipo nilipochoka.

"Mwalimu, lenzi hii si tuisogeze kidogo tu? Nitoe skrubu mbili, tuisukume mbele na nyuma mpaka doa likonde."

"Hapana."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu tukisogeza hatutajua kosa lilikuwa wapi!" Alipiga meza, kalkuleta ikaruka. "Litakuwa limefichwa tu! Mwingine atalijenga kwa karatasi yangu na atapata doa, na mimi sitakuwepo kumsogezea!"

"Basi kaa na doa lako."

Tulinuniana wiki mbili. Soketi haikuwa na mtu, nami nikapiga nyundo nitakavyo, na haki ya Mungu sikuifurahia. Aliporudi hakuomba radhi, nami sikuomba. Alichomeka, akaketi, akaanza kitufe cha kwanza. Nikatia misumari mdomoni na kungoja.

Alikuwa amekonda. Mke wake, mama mmoja mpole aliyefundisha shule ya msingi, alimwambia mke wangu sokoni kwamba mume wake hata akila anahesabu. Anasimama katikati ya ugali, anaenda kuangalia daftari. Na darasani ameanza kuwaambia wanafunzi, "Ngojeni, msiandike hilo, sina hakika." Mwalimu wa fizikia anawaambia watoto hana hakika na jambo alilolifundisha miaka kumi.

Sanduku la nne lilikuwa la mkaguzi. Barua zake kuhusu chombo zilikuwa zimefika Nairobi hatimaye, na mtu wa elimu alikuwa anakuja kukagua. Mwalimu aliniambia wazi lililokuwa likimngoja. Chombo kikikubalika, ule ukurasa wake utachapishwa na kupelekwa shuleni, na yeye atapewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi, nafasi aliyoingoja tangu alipotoka chuo. "Ni hii tu, Fundi. Umri unakwenda, hawataniita tena." Nikalitengeneza sanduku lile kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwa mlango wa msikiti. Nilipima mara tatu. Mara zote tatu nilipima vibaya vilevile.

Nilikuwepo siku ile, alinialika kama fundi. Mkaguzi alikuwa mtu wa suti, mwenye haraka, gari linamngoja nje. Akawekewa filamu mbele ya dirisha. Akaiinua, akaishusha.

"Hii ni nini?"

"Ni mwanga wa chumvi, bwana. Panatakiwa kuwa na mistari miwili."

"Mimi naona ukungu."

"Ndiyo. Kuna kosa dogo ambalo bado—"

"Mwalimu." Hakusema kwa ubaya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Karatasi zako ni nyingi na nadhifu. Lakini hizi namba umezikisia."

Namna Mwalimu alivyosimama pale sitaisahau. Ungemwita mwizi angejibu. Ungemwita mlevi angecheka. Kumwambia amekisia, mtu aliyeninyamazisha miaka sita kwenye karakana yangu ili asikisie! Aliichukua ile filamu akairudisha kwenye bahasha. Mkaguzi akapeana naye mkono akaenda zake, gari likaelekea Nanyuki.

Baada ya hapo alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba apewe jiografia. Kalkuleta hakuja nayo tena. Yule mzee wa magadi alipochungulia nilimwambia Mwalimu haji siku hizi, akasema, "Aa," akaondoka, naye hakurudi. Tukikutana barabarani Mwalimu alinisalimu vizuri, habari ya nyumbani, habari ya kazi, akapita. Mimi nilikuwa na hasira naye. Nilisema nyumbani, kwa sauti, kwamba ningekuwa nimesikilizwa kuhusu ile lenzi leo angekuwa chuo kikuu. Nilisema kiburi kimemmaliza. Nilisema mengi.

Kisha akaja bwana nyuki.

Huyu alikuwa kijana wa serikali, mpole, wa kufundisha watu ufugaji wa nyuki wa kisasa. Alitaka mizinga ishirini ya mbao. Akaniachia vipimo, nikatengeneza, akachukua. Baada ya wiki amerudi nayo yote kwenye pikapu.

"Fundi, fito za kubebea masega haziingii."

"Haziingii vipi? Nimefuata kipimo chako. Pima."

Akapima, kwa futi yangu, mbele yangu, kwa adabu sana. Kisha akaniuliza, "Wewe unapima kutoka nje?"

"Ulitaka nipime kutoka wapi?"

Mnielewe. Mimi nimelelewa na masanduku. Masanduku ya bweni, masanduku ya lori, masanduku ya kupandishwa mgongoni mwa ngamia. Sanduku kwetu hupimwa nje, kwa sababu shida ya sanduku ni mahali litakapokaa. Litapita chini ya kitanda? Litalingana pande mbili ngamia asilemee? Hakuna mtu Isiolo aliyewahi kuniuliza ndani mna nafasi kiasi gani. Ndani mnaingia kitakachoingia.

Bwana nyuki akacheka kidogo. "Nyuki hawakai ndani ya mbao, Fundi. Wanakaa kwenye nafasi."

Nikaketi juu ya mzinga mmojawapo. Futi nikaiacha ianguke, kijana akadhani nimekasirika, akaanza kuniomba radhi. Nilikuwa naona ule ufa wa nyembe umebandikwa kwa ndani, ukutani, na mimi nimepima kutoka nje. Naona filamu kwa ndani. Inchi nane nukta tatu saba, toa unene wa mbao, mkono wa kwanza. Toa unene wa mbao, mkono wa pili. Masanduku manne. Ndiyo maana doa halikubadilika unene hata siku moja.

Je, nilikwenda siku ileile? Sikwenda. Nilikaa mwaka mzima na miezi. Nilijiambia yaliyopita yamepita, atafaidika nini. Nilijiambia na yeye naye, angekubali tusogeze lenzi yasingemfika. Mke wangu alinisikiliza usiku na mchana mpaka akanichoka.

"Enda umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Haya haya unayoniambia mimi. Mimi yananisaidia nini? Mimi sikutaka sanduku."

Nikasikia kwamba Mwalimu amestaafu mapema na wanahamia kwao milimani, Meru. Lori liko njiani. Basi nikavaa kanzu safi asubuhi ile nikaenda.

Nyumba ilikuwa nusu tupu. Mke wake alikuwa barazani anachambua maharagwe kwenye ungo, akanikaribisha, akamwita. Mwalimu akatoka. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, na kiunoni hakuna kitu.

"Fundi! Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kusema kitu, Mwalimu. Nikikaa sitakisema." Nikakisema nimesimama. Nilimwambia nilipima kutoka nje. Yote manne. Nilimwambia kuhusu mizinga, na kwamba nimejua zaidi ya mwaka mmoja sasa na nimekaa kimya.

Akaingia ndani. Nikasikia anafungua kasha lililokwisha fungwa kwa kamba, anatupa vitu. Mke wake aliacha maharagwe. Mwalimu akarudi na bahasha, rula na kalamu ya risasi, akaketi kwenye ngazi, akageuza bahasha upande mtupu na kuanza kuandika. Kwa mkono. Aliandika muda mrefu, anakata, anaandika, midomo inacheza. Akatoa filamu ya mwisho kwenye bahasha, akaiweka rula juu yake, akaisogeza karibu na macho, akaangalia karatasi tena.

"Inchi moja kila upande," alisema, kama anayejisemea. "Doa linatoka hivi. Karibu kabisa." Akainua uso, lakini hakuniangalia mimi. "Mama. Hesabu ilikuwa sawa."

Mke wake aliweka ungo chini. "Na sasa itatusaidia nini?" akamwuliza. Hakusema kwa ukali, aliuliza tu, na lori lilikuwa limeshafika linapiga honi nje.

Mwalimu akafikiri kama kweli anatafuta jibu. Kisha akanigeukia, na uso ule sijawahi kuuona kwake, hata siku ya mkaguzi.

"Miaka sita," akasema. "Niliacha kufundisha fizikia, Fundi. Niliwaambia watoto sijui. Toka. Toka nyumbani kwangu."

"Mwalimu—"

"Toka."

Nikatoka. Nilistahili, wala sikutaka kubembeleza mbele ya mkewe. Nikatembea hadi langoni, nikashika komeo, macho yamejaa, sioni hata njia.

"Fundi!"

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, karatasi mkononi, amekunja paji la uso.

"Hiyo mbao ilikuwa inchi moja kabla ya kupigwa randa, au baada?"

"Kabla. Randa hupunguza kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Mbao zote nilizopiga randa tangu ujana wangu, na sikuwahi kupima. "Sijui, Mwalimu," nikamwambia.

Akamwambia dereva wa lori asubiri. Akaketi tena kwenye ngazi, akaweka karatasi juu ya goti.

"Basi nenda kapime," akasema. "Nakungoja."